Gari Likiyumba, Usianze na Alainimenti

Ukilalamika kwa mafundi wa Arusha kwamba gari lako linayumba, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kulipeleka alainimenti. Utalipeleka. Litapandishwa kwenye mashine, namba nyekundu za kwenye skrini zitageuka kijani, utalipa na kuondoka na usukani ulionyooka. Baada ya wiki mbili, ukiwa umeshapita matuta ya barabara kuu na mashimo ya mtaani kwako, usukani umepinda tena na gari linajitafutia njia lenyewe. Hapo ndipo atatokea wa kukwambia ubadilishe shokapu zote nne.

Alainimenti hupima pembe za matairi na kuzipanga upya. Haikazi kilicholegea. Tairi linaloshikiliwa na bushi iliyopasuka litapangika vizuri likiwa limesimama, kisha litahama mara tu utakapokanyaga breki, kwa sababu kinacholishikilia kinatembea. Ndiyo maana katika mwongozo huu alainimenti imewekwa mwisho kabisa. Kabla yake kuna kazi ya kupeleleza, na sehemu kubwa ya kazi hiyo utaifanya mwenyewe nyumbani ukiwa na jeki, stendi mbili, kipimo cha upepo, tochi na rafiki mmoja wa kuzungusha usukani.

Nazungumzia magari ya spoti yaliyozeeka, na kwa Arusha ninayoyafikiria kwanza ni mawili: Toyota Altezza, iliyotengenezwa kati ya 1998 na 2005, na Subaru Impreza WRX au STI za miaka hiyohiyo. Mwenye Celica, Mark II au RX-8 naye atajikuta humu, maana magonjwa yanafanana. Altezza ina amu za juu na za chini mbele na nyuma, pamoja na viunganishi vingine vya kulizuia tairi lisigeuke ovyo. Wingi huo wa viungo ndio unaolifanya likate kona kwa utulivu likiwa zima. Likizeeka, kila kiungo ni mahali pengine pa kulegea.

Usidanganywe na kilomita za kwenye dashibodi. Mpira wa bushi huzeeka kwa miaka, kwa joto na kwa mafuta yanayoudondokea, hata gari likiwa limeegeshwa tu. Altezza ya 1999 ambayo haijawahi kubadilishwa bushi ina mpira wenye zaidi ya miaka 25, iwe imetembea kilomita 60,000 au 260,000. Kama iliishi kaskazini mwa Japani, kule Hokkaido na kwingineko ambako barabara humwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, tazama pia bolti za kurekebishia pembe za nyuma. Zikishikana na kutu, hakuna mashine ya alainimenti itakayozisogeza, na fundi asiye mwaminifu atapanga mbele peke yake bila kukwambia.

Linayumba wakati gani?

Fundi ukimwambia tu kwamba gari linayumba, hana pa kuanzia. Mwambie linayumba ukifanya nini. Ili ulijue hilo, toka na daftari alfajiri ya Jumapili, kabla malori na bodaboda hazijajaa. Mimi hupenda njia ya Namanga, ukishaipita Ngaramtoni kuelekea Oldonyo Sambu. Barabara ya mchepuo inayolizunguka jiji kwa kusini nayo inafaa. Mwendo wa kasi hauhitajiki. Dalili karibu zote huonekana kwenye 80, na vijijini, ambako mwisho ni 50, trafiki wapo na tochi zao.

Kabla ya kulihukumu gari, toa hesabu ya barabara na ya upepo. Barabara zetu huinamishwa kidogo pembeni ili maji ya mvua yatiririke, na kwa kuwa tunaendesha kushoto, gari zima kabisa litaelekea kushoto taratibu ukilegeza usukani. Jambo hilo ulipime kwenye eneo tambarare, kama uwanja mpana wa maegesho ulio mtupu. Nyanda za Oldonyo Sambu na Kisongo nazo ziko wazi, na upepo wa ubavuni husukuma kila gari. Likikusumbua kipande kimoja tu, geuza upite tena ukitokea upande wa pili. Kama sasa linasukumwa upande mwingine wa gari, ulikuwa upepo.

Jaribio la kwanza ni la mafuta. Ukiwa kwenye mwendo wa 60, barabara imenyooka na hakuna mtu nyuma yako, kanyaga mafuta kwa nguvu kisha achia ghafla. Rudia mara kadhaa. Kama mkia unasogea upande mmoja unapokanyaga na kurudi unapoachia, mpaka unalazimika kurekebisha usukani, tatizo liko nyuma. Bushi za amu za nyuma zimelegea, na tairi linabadili mwelekeo kila mzigo unapohama. Kwa Altezza, ambayo husukumwa na matairi ya nyuma, hii ndiyo dalili ninayoona inasomwa vibaya kuliko zote. Dereva huihisi mikononi, akadhani ni usukani, na fundi akabadilisha tairodi za mbele ambazo hazikuwa na kosa.

Jaribio la pili ni la breki. Funga breki kwa nguvu ya wastani, mikono ikiwa imeshika usukani kwa wepesi. Gari likivuta upande mmoja, sababu ni mojawapo kati ya mbili, na zinatenganishwa kwa joto. Endesha kilomita kadhaa bila kutumia breki sana, simama mahali salama, kisha sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa diski. Rimu moja ikiwa na joto jingi kuliko mwenzake wa mbele, kalipa ya upande huo imeganda na haiachii. Ukitoka kufunga breki za kutosha na rimu moja bado imepoa, kalipa hiyo haishiki, na gari litakuwa linavuta kuelekea upande wa pili. Lakini rimu zote zikilingana, na mvuto unakuja kama mshtuko mmoja breki zinapoanza kushika, tafuta bushi ya amu ya chini mbele, ile kubwa ya upande wa nyuma. Ndiyo inayobeba nguvu za breki, na ikichanika tairi zima hurudi nyuma kidogo.

Mtetemo nao usiuchanganye na kuyumba. Usukani ukitetemeka kati ya 80 na 110 kisha ukatulia, hiyo ni balansi ya matairi ya mbele au rimu iliyopinda. Kikitetemeka kiti badala ya usukani, tazama ya nyuma. Ukitetemeka unapofunga breki tu, diski hazijanyooka.

Kisha kuna matuta na rasta. Pita juu ya kasoro ndogo ya lami kwenye mwendo wa 60, tairi za upande mmoja tu. Gari lililo sawa litapokea pigo na kuendelea. Likiruka pembeni, yaani usukani ukageuka wenyewe kidogo pigo linapoingia, pembe za viungo vya usukani zimeharibika, na mara nyingi ni kwa sababu mtu alilishusha au alilinyanyua gari. Hilo nitalirudia. Likiendelea kupanda na kushuka mara mbili tatu baada ya pigo, hapo ndipo shokapu zinapostahili kulaumiwa.

Mwisho sikiliza mlio. Mvumo unaopanda na mwendo, ukabadilika unapolilaza gari kwenye kona, ni beringi ya tairi. Ukizidi unapokata kushoto, shuku beringi ya kulia, kwa kuwa ndiyo inayobebeshwa mzigo kwenye kona hiyo. Impreza za enzi hizo zinajulikana kwa kuua beringi za nyuma mapema, na beringi iliyolegea hulifanya gari litangetange kwenye barabara iliyonyooka hata kabla mlio haujawa mkubwa.

Matairi

Anza hapa kwa sababu ni bure na kwa sababu kuyumba kwingi huishia hapa. Pima upepo asubuhi gari likiwa limepoa, kwa kipimo chako mwenyewe. Fundi wa pancha aliyezoea kujaza upepo wa Noah na Hiace anaweza kukujazia hadi 40 kwa nia njema kabisa, na Altezza yenye tairi fupi za rimu ya 17 ikijazwa hivyo itadundadunda juu ya kila kokoto. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilichopo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kibandiko ni cha Kijapani lakini namba zinasomeka: kPa 220 ni sawa na psi 32. Kama gari limetoka Dar es Salaam jana, usiamini upepo uliowekwa kule. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, na kupanda huko peke yake huongeza kipimo kwa karibu psi 2, wakati ubaridi wa asubuhi za Juni na Julai huvuta upande mwingine. Pima hapahapa, kwa ubaridi wa hapahapa.

Sasa pitisha kiganja juu ya uso wa tairi, kutoka ndani kwenda nje, kisha kutoka nje kuja ndani. Kama upande mmoja unateleza na ukirudi unahisi meno yanayokwaruza, tairi limekuwa likiburutwa kiubavu: ncha za mbele za matairi zimebanana mno au zimetanuka mno. Likiwa limelika ukingo wa ndani tu, ama limelala sana kwa ndani ama bushi imeliachia. Kulika katikati ni upepo uliozidi, kulika kingo zote mbili ni upepo uliopungua. Mabonde mabonde kuzunguka tairi ni shokapu au beringi. Angalia ukingo wa ndani kwa kuingiza mkono au kwa kugeuza usukani mpaka mwisho. Kwenye Altezza tairi la mbele linaweza kuonekana jipya kwa nje huku nyuzi zimeshatoka kwa ndani.

Soma umri. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: mbili za wiki na mbili za mwaka. 2318 ni wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mji huu uliwahi kuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, kabla hakijafungwa mwaka 2009. Leo tunashindana na matairi ya mtumba, ambayo huja na kashata nzuri na mpira mgumu. Tairi la miaka kumi halishiki lami yenye unyevu hata likiwa na kina cha kutosha, na mvua za Machi hadi Mei kwenye mteremko wa kutoka Ilboru zitakuonyesha hilo kabla ya mtu yeyote.

Rimu zenyewe zikaguliwe pia, hasa kama si zile zilizokuja na gari. Tundu la katikati la rimu linatakiwa likalie kitovu cha habu barabara: milimita 60.1 kwa Altezza, 56.1 kwa Impreza. Rimu nyingi za madukani zina tundu kubwa zaidi ili zitoshe magari mengi, na bila pete ya kuziba nafasi hiyo rimu hushikwa na nati tupu, ikakaa nje ya katikati kidogo. Utabalansi mara tano na mtetemo hautaisha.

Mwenye Impreza ana sheria moja ya ziada. Gari lake husukumwa na matairi yote manne, na matairi yenye mzunguko usiolingana huilazimisha mitambo ya katikati kufanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka. Usichanganye aina, ukubwa wala kiwango cha kulika. Ukitaka kujua kama madhara yameshatokea, nenda kwenye eneo tambarare, geuza usukani mpaka mwisho na uzunguke polepole sana. Gari likigoma na kujirusha kama lililofungwa breki, kifaa cha katikati kinabana. Hapo tafuta fundi anayeijua Subaru kwa kweli. Mitaani wanaosema wanaijua ni wengi.

Jeki, stendi na mikono

Viwanja vingi vya Arusha vina udongo wa volkano, laini, unaodidimia. Weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila stendi, zuia matairi yaliyobaki chini kwa mawe, na usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake hata kwa sekunde moja.

Shika tairi lililonyanyuliwa mkono mmoja juu na mwingine chini, kisha lisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie rafiki akanyage breki na ulishike tena palepale. Mchezo ukipotea, ni beringi, maana breki imeiunganisha habu na kilichoishikilia. Ukibaki, ni boljointi au bushi ya amu. Halafu shika kushoto na kulia. Mchezo wa upande huo, kama haukuwepo juu na chini, ni tairodi au reki ya usukani. Finya mpira unaofunika ncha ya reki huku rafiki akilitikisa tairi. Kiungo cha ndani kilichokufa utakihisi kikigonga vidoleni.

Jinsi ya kulinyanyua gari ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Kwenye Impreza, springi imekaa kwenye nguzo ya shokapu, kwa hiyo boljointi ya chini haibebi uzito. Liache tairi lining'inie na mchezo utajitokeza. Kwenye Altezza, shokapu na springi hukandamiza amu ya chini, na boljointi ya chini hubeba uzito wa kona hiyo ya gari. Ukiinua kwa bodi, springi itaibana boljointi kwa nguvu kiasi kwamba hata iliyokwisha itaonekana nzima. Weka jeki chini ya amu yenyewe, karibu na boljointi, nyanyua mpaka tairi liachane na ardhi kidogo, kisha ingiza mtaimbo mdogo chini ya tairi na ulinyanyue juu na chini.

Boljointi ya chini ya Altezza ikicheza, gari lisiondoke hapo kwa magurudumu yake. Ikichomoka, tairi hulala chini ya fenda na usukani huwa hauna kazi tena. Piga simu ya brekidauni. Na usikubali boljointi iliyogongwa na kuchomelewa ili ikaze; ukazo huo ni wa wiki chache, na chuma kilichochomwa moto kimepoteza ugumu wake.

Kuna jaribio lisilohitaji jeki kabisa, nami naliona bora kuliko yote kwa usukani. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, rafiki auzungushe usukani kidogo kidogo, kushoto kulia, kama dakika moja, wakati wewe unaweka mkono juu ya kila kiungo kwa zamu: yunivesal ya nguzo ya usukani, ncha za tairodi, na bodi ya reki. Mkono huhisi mchezo mdogo ambao jicho haliuoni. Reki nzima ikisogea kabla matairi hayajageuka, bushi zinazoifunga kwenye fremu zimekufa, na hilo peke yake linatosha kukufanya ukimbizane na usukani njia nzima hadi Moshi.

Mpira

Bushi ndizo zinazoachwa kwa sababu hazipigi kelele mapema. Safisha vumbi na matope kwanza. Vumbi letu ni jembamba na huziba nyufa zote. Mulika tochi, kisha ingiza mtaimbo kati ya amu na fremu uisukume taratibu. Mpira mzima hujipinda na kurudi. Uliochanika hufunua ufa, au chuma cha katikati huhama mbali na katikati ya mpira. Kwa mbele, anza na bushi ya nyuma ya amu ya chini. Kwa nyuma, kagua kila amu pande zote mbili, hasa ile nyembamba inayoongoza mwelekeo wa tairi. Kwenye Impreza usisahau viunganishi virefu vinavyotoka kwenye habu ya nyuma kwenda mbele. Linki za stabilaiza zikifa hugonga kokoko kwenye mashimo, lakini mara chache ndizo zinazoliyumbisha gari kwenye barabara iliyonyooka. Mafundi huzibadilisha kwanza kwa kuwa ni rahisi kuzifikia.

Kuhusu kununua, nina msimamo. Amu ya mtumba kutoka Dubai huja na bushi ya mtumba, yenye umri uleule wa ile unayoitoa. Bushi iliyochongwa kwa mpira wa tairi kuukuu haikuundwa kujipinda kwa vipimo, nayo itakurudisha gereji. Zile ngumu za rangi, wanazozipenda vijana wa mashindano, hufanya kazi nzuri kwenye lami safi, ila hupitisha kila kokoto mpaka kwenye bodi, hulia zisipopakwa grisi, na kwenye viungo vinavyopinda pande nyingi hubana mwendo. Kwa gari linaloishi mjini na kupita changarawe kila siku, mpira halisi wa kiwandani ndio unaofaa, hata kama ni wa kuagiza na kusubiri.

Simamia ufungaji mwenyewe kwa jambo moja. Bolti zinazopita katikati ya bushi zikazwe kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama kwa matairi yake. Zikikazwa amu zikiwa zinaning'inia, mpira utashikwa katika hali hiyo ya kuning'inia, na gari likishushwa utakuwa umesokotwa saa zote. Bushi mpya itachanika kabla ya wakati wake na utaambiwa ulinunua feki.

Lililoshushwa, lililonyanyuliwa

Altezza nyingi zimefika zikiwa na springi fupi, na nyingine springi zake zilikatwa hapahapa kwa msumeno. Kwa upande mwingine, mwenye Impreza aliyechoka kugonga tumbo kwenye matuta huwekewa spesa juu ya shokapu. Yote mawili huhamisha amu na tairodi kutoka kwenye mlalo wake wa kiwandani. Hapo tairi linapopanda na kushuka, tairodi hulivuta au kulisukuma, na ndiyo sababu ya kule kuruka pembeni kwenye rasta. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, na uandike. Kushoto na kulia kukitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, springi imevunjika, imekatwa vibaya, au kuna kilichopinda. Springi iliyokatwa na kulegea kwenye kikalio chake gari linaponyanyuliwa ni ya kutupa; usiitafutie tiba nyingine.

Colin McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na Richard Burns akashinda ya 2000 kwa Impreza vilevile. Wapenzi wa Subaru hupenda kuzitaja injini za magari hayo. Mimi huwakumbusha kwamba yalikuwa na mafundi waliokuwa wakiyasubiri njiani na vifaa vya chini vya kubadilisha, na havikungojwa mpaka vife.

Sasa alainimenti

Ukishabadilisha kilicholegea, endesha siku mbili tatu ili springi na bushi zikae, kisha ndipo uende. Nenda na upepo sahihi kwenye matairi na bila mizigo kwenye buti. Omba karatasi ya vipimo vya kabla na vya baada. Gereji isiyoweza kukupa karatasi haijakupimia kitu unachoweza kukihakiki. Sisitiza waanze nyuma. Matairi ya nyuma ndiyo yanayoamua gari linaelekea wapi, na ukipanga ya mbele peke yake, utapata usukani ulionyooka juu ya gari linalotembea kiubavu.

Kwenye karatasi, tazama tofauti ya kushoto na kulia kuliko namba yenyewe. Kulala kwa matairi ya mbele na mwinamo wa kasta visitofautiane kwa zaidi ya nusu digrii. Kwa Impreza ya kawaida kasta haina bolti ya kurekebishia, kwa hiyo tofauti ya digrii nzima maana yake ni chuma kilichopinda, labda kwenye korongo fulani ambalo aliyekuuzia gari hakulitaja. Amu iliyopinda hubadilishwa. Hainyooshwi kwa nyundo.

Kabla hujaondoka, piga mstari wa rangi unaovuka kila bolti ya kurekebishia na kukiunganisha kichwa chake na fremu. Rudi kwenye barabara ileile ya Namanga, ufanye majaribio yaleyale kwa mpangilio uleule, na uyaandike pembeni ya yale ya kwanza. Baada ya kilomita 100 kaza nati za matairi upya, kisha uangalie ile mistari ya rangi. Mmoja ukiwa umekatika, bolti hiyo haikukazwa sawasawa. Rudi na karatasi yako mkononi, na usilipie kipimo cha pili.